Mgeni Asiyekula

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini yuko mgeni mmoja ambaye siku ya tatu haifai hata kumgusa, sembuse kumpa jembe. Mgeni huyo ni chatu.

Najua wako wasomaji ambao wakishaliona neno hilo watataka kuufunga ukurasa. Kwetu nyoka akionekana uani, mmoja hutafuta fimbo na mwingine huita majirani. Hata hivyo, watoto wetu siku hizi wanasoma na kufanya kazi katika nchi ambazo kufuga chatu mdogo sebuleni ni jambo la kawaida kama sisi tunavyofuga paka, nao huiga. Mzazi aliye mbali hana budi kujua la kumwambia mwanawe.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, ana kijana anayesoma Uingereza. Siku moja alinijia jioni, nusu amekasirika, nusu ameingiwa na huruma. “Jirani,” alisema, “mwanangu kanunua chatu. Chatu hali kwa wiki ya tano sasa, na mtoto naye hali wala halali. Nimemwambia amrudishe alikomtoa, ananiambia akimrudisha atakuwa amemtupa. Hebu zungumza naye wewe.”

Nilimpigia kijana simu. “Shikamoo, mzee,” alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Nikamwuliza maswali matatu: chatu analala wapi, analala katika joto gani, na ameshikwa mara ngapi tangu aje. Alinijibu kwamba yumo katika sanduku kubwa la kioo, peupe, lenye jiwe moja tu, karibu na televisheni, joto hajalipima, na kila jioni humtoa na kumpakata, wakati mwingine mbele ya wenzake waliokuja kumtazama. Tena kila usiku humwekea panya, na kila asubuhi humtoa panya yule yule.

“Mwanangu,” nilimwambia, “hukumnyima kitu ila nafasi ya kupumua.”

KWAO NI SHIMONI

Chatu anayefugwa sana majumbani ni yule mdogo aitwaye chatu wa kifalme. Nyumbani kwao ni Afrika, kuanzia Senegali hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Hana sumu. Akikua, aghalabu hufikia urefu wa mita moja hadi moja na nusu. Akiogopa hakimbilii kuuma, bali hujiviringa kama mpira na kukificha kichwa katikati. Huko Ouidah, Benin, ambako liko hekalu la chatu, akiingia nyumbani mwa mtu hubebwa kwa upole na kurudishwa hekaluni.

Mchana chatu huyu hukaa katika mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Humo mna giza, joto na unyevu, na kuta zinamgusa pande zote. Usiku ndipo hutoka kuwinda panya na ndege wadogo. Kwake yeye kukaa peupe ni kukaa machoni mwa mwewe. Na mnyama anayejiona yu karibu kuliwa hawezi kuwaza kula. Kwa hiyo chatu mgeni akikataa chakula, usidhani ana kiburi au amekichoka chakula chako. Anangoja kujua kama atakuwa salama.

NYUMBA KWANZA, CHAKULA BAADAYE

Mfugaji na aanze na makazi. Sanduku liwe na kifuniko kinachofungwa sawasawa, maana chatu ni hodari wa kutoroka. Ndani yake viwekwe vijumba viwili vya kujifichia, kimoja upande wa joto na kingine upande wa baridi kidogo, ili asilazimike kuchagua baina ya joto na usalama. Kijumba kiwe kidogo kiasi cha kumbana akijikunja, kwa kuwa penye nafasi kubwa hatulii. Patupu pajazwe magome, majani ya bandia au hata makaratasi.

Upande wa joto uwe na nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili nyuzi 24 hadi 26. Jambo hili si la anasa. Nyoka hana joto lake mwenyewe kama sisi. Bila joto la nje tumbo lake halisagi chakula, naye hulijua hilo, kwa hiyo hukataa kula. Kipasha joto cha umeme kiwe na kifaa cha kukiwasha na kukizima chenyewe, maana bila hicho kinaweza kumwunguza. Kipimajoto kitumike, kiganja cha mkono hakitoshi. Maji safi yawemo daima, katika bakuli zito asiloweza kulipindua.

Baada ya hayo aachwe siku saba. Asishikwe, asionyeshwe wageni, asiwekwe penye kelele. Mfugaji aingie kubadilisha maji na kuondoa uchafu tu, kisha aondoke. Wiki hiyo huwa ndefu kwa mwenye nyumba kuliko kwa mgeni.

JINSI YA KUMLISHA

Siku saba zikiisha, apewe mlo mmoja. Panya asizidi unene wa sehemu nene ya mwili wa chatu. Ni heri awe amekwisha kufa, kwani panya mzima aliyeachwa ndani ya sanduku huweza kumng'ata nyoka na kumtia jeraha baya. Katika nchi nyingi panya wa kulisha huuzwa wakiwa wamegandishwa kwa barafu. Panya huyo ayeyushwe kabisa, kisha apashwe katika maji ya moto mpaka awe vuguvugu kama mnyama aliye hai. Asipikwe hata kidogo. Chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, na panya baridi kwake ni sawa na jiwe.

Mlo utolewe usiku, taa zikiwa zimepunguzwa. Panya ashikwe kwa koleo ndefu na kusogezwa taratibu karibu na mlango wa kijumba. Chatu akigeuza uso, panya aachwe hapo usiku huo. Akiwapo bado asubuhi, aondolewe. Hapo ndipo wengi hukosea: humjaribu tena kesho, na kesho kutwa, hata chakula chenyewe kikawa kitisho. Yafaa kungoja wiki nzima kabla ya kujaribu tena. Akila, asishikwe kwa siku mbili, la sivyo huenda akatapika. Chatu mdogo hula mara moja kwa wiki; mkubwa hutosheka na mlo mmoja kila wiki mbili hadi nne.

Tena macho yake yakiwa na rangi ya maziwa, yu karibu kujivua gamba. Siku hizo hula mara chache, na mfugaji asiwe na wasiwasi.

WAKATI WA KUMWONA DAKTARI

Chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula asidhurike. Lakini mtoto wa chatu hana akiba hiyo. Basi siku zisihesabiwe peke yake. Apimwe kwa mizani kila wiki na uzito uandikwe. Akipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au akikoroma, akitokwa na ute mdomoni, au akiwa na wadudu magambani, apelekwe kwa daktari wa wanyama bila kuchelewa. Asilishwe kwa nguvu na mtu asiyefundishwa.

Na wanadamu nao wajilinde. Nyoka, hata mwenye afya, huweza kubeba vijidudu vya salmonela. Mikono ioshwe kwa sabuni kila anaposhikwa, vyombo vyake visioshwe jikoni, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike.

Kwa wasomaji wa hapa nchini nina neno moja zaidi. Chatu wetu wa porini ni wa aina nyingine, mkubwa anayeweza kupita mita nne, wala hafai kuwekwa chumbani. Zaidi ya hayo, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata au kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Anayependa kumtazama chatu akiwa mikononi mwa wajuzi, na aende Bujora, karibu na Mwanza, zinapochezwa ngoma za Wasukuma.

Tena, anayetaka kununua na ajiulize kwanza kama ataweza kumtunza. Chatu huyu huishi miaka 20 hadi 30, na wengine zaidi. Katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, chatu jike aliyepokewa mwaka 1961 alitaga mayai 7 mwaka 2020, akikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60. Huo si mchezo wa likizo moja.

Kijana wetu aliyafuata hayo yote. Alihamisha sanduku chumbani, akaweka vijumba viwili, akapima joto, akajifunga mikono. Wiki ikapita. Usiku wa tisa, mama alinigongea mlango akiwa na simu mkononi, furaha imemjaa kama aliyepata mjukuu. “Jirani, amekula!” Nikamwuliza kama sasa yuko tayari kwenda kumsalimu mgeni huyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwanangu nitamsalimu. Huyo mwingine mwache apumzike. Si umesema asisumbuliwe?”

Hadi Jumapili ijayo.