Ali na Tyson: Berbick Mwacheni Nje

Jana usiku umeme ulikatika bwenini. Kusoma hakuna, ikaanza ligi: Muhammad Ali na Mike Tyson wangepigana, nani angelala? Jamani, tumebishana mpaka saa saba, na mwenzangu wa chumbani mpaka sasa hivi kaninunia.

Hoja yake ilikuwa hivi. Trevor Berbick alimshinda Ali mwaka 1981. Tyson akamtwanga Berbick huyo huyo mwaka 1986, raundi ya pili tu. Kwa hiyo Tyson angemmaliza Ali asubuhi na mapema. Chumba kizima kikashangilia, eti hesabu imekubali!

Mimi nasema haijakubali. Ali wa Berbick alikuwa kabakiza wiki chache atimize miaka 40. Mwaka mmoja nyuma Larry Holmes alimpiga mpaka kona yake ikakataa asiendelee. Tyson naye alikuwa kijana wa miaka 20. Kumpima Ali kwa pambano lile ni sawa na kumhukumu mtu kwa sapu moja aliyofanya akiwa na malaria. Mbona na mimi naweza? Nachukua Tyson wa Novemba 2024, ana miaka 58, kashindwa kwa pointi na Jake Paul, halafu nasema Tyson hakuwa kitu. Mtanielewa kweli?

Tukitaka haki, leteni Tyson wa 1988, yule aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91. Mimi namleta Ali wa 1966, yule wa miguu myepesi. Nakiri angesumbuka. Joe Frazier naye alikuwa mfupi, anaingia chini chini, na mwaka 1971 ngumi yake ya kushoto ilimwangusha Ali raundi ya 15. Lakini Buster Douglas alituonyesha kule Tokyo mwaka 1990: mtu mrefu, mwenye mkono mrefu, asiyemwogopa Tyson, anamweza. Na woga Ali hakuwa nao. Kinshasa mwaka 1974 aliegemea kamba, akamwacha George Foreman apige mpaka achoke, kisha akamlaza raundi ya 8. Kura yangu: Ali, raundi za mwisho.

Ila kuna kitu kinaniuma zaidi ya ubishi wenyewe. Kuanzia 1967 mpaka 1970 Ali hakupanda ulingoni, alifungiwa kwa kukataa kwenda vita vya Vietnam. Alikuwa na miaka 25 alipoanza kifungo kile. Yaani miaka ambayo bondia anakuwa moto kabisa, yeye kaikosa. Inawezekana Ali bora kuliko wote hakuna aliyemwona, halafu sisi tunamhukumu kwa yule mzee wa 1981!

Haya, wewe uliyenuna, kama unasoma hapa, chai ipo kwenye chupa. Rudi tumalizie ubishi wetu. Ila Berbick mwache huko huko nje.