Tahadhari: Tazameni Mwaka wa Kuzaliwa Kwenye Akaunti ya Mtoto

Wazazi wenzangu wa Rashidiya, Dubai, leo kabla watoto hawajalala, chukueni simu au tableti wanayochezea magemu, fungueni akaunti, mtazame mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa humo. Wengi mtaukuta mwaka wa baba au wa mama, au mwaka wa uongo alioujaza mtoto mwenyewe. Watoto hufundishana: andika kwamba wewe ni mkubwa, kila kitu kitafunguka. Na kweli hufunguka.

Kampuni za magemu zimeweka ulinzi kwa watoto, lakini mwingi wa ulinzi huo husoma umri wa kwenye akaunti, hauioni sura ya anayecheza. Tangu Novemba 2024, kwa mfano, jukwaa la magemu la Roblox limewazuia walio chini ya miaka 13 kutumiana ujumbe wa faragha nje ya michezo yake. Mtoto wa miaka 9 aliyejiandika 25 alihesabiwa mtu mzima, na kizuizi hicho hakikumgusa.

Serikali nazo ziliingilia: Qatar na Kuwait ziliifungia Roblox Agosti 2025. Mwezi uliofuata, hapa Imarati, kampuni ilizima uwezo wa kuchati ndani ya gemu baada ya kushauriana na mamlaka ya mawasiliano. Wengi tukashusha pumzi, tukadhani yamekwisha. Hayakwisha. Mtoto aliyezoea kuongea huku anacheza humwomba mwenzake namba, wakahamia Discord, Snapchat au WhatsApp, na huko mazungumzo yao hayaonwi na wasimamizi wa gemu wala na mzazi.

Njia anayopita mtu mbaya ni hiyo hiyo. Huanza kwa wema: anamsaidia mtoto kushinda, anamzawadia Robux, yaani pesa za ndani ya Roblox, anamsifu. Siku zinakwenda, anajua jina la shule, anajua saa ambazo mama yuko kazini. Kisha anamwambia wahamie mahali pengine wakaongee vizuri. Huomba picha ya kawaida kwanza, halafu picha isiyo ya kawaida. Akishaipata, sauti hubadilika: lete nyingine, au lete pesa, la sivyo nitawatumia wazazi wako na darasa zima. Mtoto hapo hunyamaza, kwa kuogopa kipigo, kunyang'anywa simu, na kuiletea nyumba aibu. Katika jamii yetu aibu ni nzito, na mtu huyo anategemea uzito huo huo.

Huku Rashidiya hatari inapata nafasi zaidi kwa jinsi tunavyoishi. Kuanzia Juni hadi Septemba joto hupita nyuzi 40, mtoto hatoki nje mchana. Hana kichochoro cha Ng'ambo ya Unguja wala cha Old Town Mombasa ambako kila mtu mzima anayepita ni mzazi wake. Ana chumba, kiyoyozi, mlango uliofungwa na vipokea sauti masikioni. Anacheza na binamu zake wa Muscat na Unguja, jambo zuri kabisa, ila gemu linalomfikisha kwa binamu linamfikisha pia kwa mtu asiyemjua.

Sasa nambari za kwenye kasha la diski. Zile 3, 7, 12, 16 na 18 za PEGI, mfumo wa Ulaya ulioanza 2003, hazielezi ugumu wa mchezo. Zinaeleza kilichomo: vita, matusi, uchi, kamari. Grand Theft Auto V ni 18. Mtoto wa miaka 10 hana la kufanya humo, hata akiwa hodari kiasi gani, hata kaka yake akiwa naye.

Lakini nambari ndogo nayo isiwalaze usingizi. Magemu ya FIFA yalipewa 3, na bado ndani yake kulikuwa na pakiti za wachezaji zilizouzwa kwa pesa halisi bila mnunuzi kujua angepata nani. Ubelgiji iliona hiyo ni kamari, na mapema 2019 kampuni inayoyatengeneza ikaacha kuuza pointi za kununulia pakiti hizo nchini humo. Msiache kadi ya benki ndani ya akaunti anayoishika mtoto.

La kufanya leo ni hili. Mfungulieni mtoto akaunti yake yenye tarehe yake ya kweli, iliyounganishwa na ya mzazi. PlayStation inamruhusu mzazi kupanga kiwango cha umri, kuzuia kuchati na kuweka kikomo cha matumizi kwa mwezi. Roblox nayo ina akaunti ya mzazi. Kifaa kichezewe sebuleni, vipokea sauti vikae kando. Na sheria ya usalama wa watoto mtandaoni, Na. 26 ya 2025, iliyoanza kutumika 1 Januari 2026, imewawekea wajibu walezi pia, si kampuni peke yake.

Mkigundua mtoto ameshanaswa, msimpige. Msifute ujumbe hata mmoja, maana ndio ushahidi. Pigeni picha za kioo pamoja na jina la akaunti ya huyo mtu. Msimlipe, kwa sababu anayelipwa hurudi. Mwambieni mtoto kwa maneno ya wazi kwamba kosa si lake, halafu toeni ripoti kwa Polisi ya Dubai kwa namba 901 au kupitia huduma yao ya eCrime. Kituo cha ulinzi wa mtoto cha Wizara ya Mambo ya Ndani kinapatikana kwa 116111. Ziandikeni namba hizo mbili kwenye simu zenu sasa, na mwambieni mtoto kwamba naye anaweza kuzipiga.