Jina la bosi, hesabu za Haque

Leo tuongelee dole gumba lako. Ndiyo, hilo hilo ulilobonyeza kwenye kimashine pale Kariakoo wakati wa kusajili laini ya simu, Januari 2020, siku chache kabla laini zisizosajiliwa kuanza kufungwa. Na mimi foleni ile nilipanga, jua la utosi. Kila mtu alilalamika, lakini sikumsikia aliyeuliza: hivi nani alibuni njia ya kupanga alama za vidole mpaka za mtu mmoja zipatikane kati ya maelfu?

Vitabu vingi vitakuambia ni Mzungu, Sir Edward Henry. Utaratibu wenyewe unaitwa kwa jina lake. Lakini ukichimba kidogo utamkuta njagu mmoja wa Kihindi, Azizul Haque.

Jamaa alizaliwa 1872 huko Bengal, sehemu ambayo sasa ni Bangladesh. Alisoma Calcutta, na kwenye hisabati alikuwa kichwa kweli kweli. Henry, mkuu wa polisi wa Bengal enzi za Mwingereza, alikuwa anatafuta mtu wa namba. Akamchukua, akampa usub-inspekta.

Shida ilikuwa hivi. Ilishajulikana kwamba alama za vidole zinatofautisha watu. Sasa unazitafutaje? Fikiria stoo ya Mtaa wa Kongo imejaa marobota mpaka darini, hakuna hata moja lenye alama, halafu mteja anataka shati moja tu. Utapekua mpaka Idd!

Haque akakaa na kalamu. Akavipanga vidole kumi kwa jozi, kila jozi akaipa thamani kufuatana na michoro yake. Ukijumlisha unapata namba, na namba inakupeleka kwenye kisanduku kimoja kati ya visanduku 1,024. Huna haja ya kupekua stoo nzima. Mhindi mwenzake wa kazini, Hem Chandra Bose, akaongeza njia ya kuvigawa zaidi visanduku hivyo.

Mwaka 1897 Calcutta ikafungua ofisi ya alama za vidole. Mwaka 1901 Scotland Yard ya London nayo ikaanza. Henry akahamia huko, 1903 akawa kamishna wa polisi wa London, baadaye akaitwa Sir. Haque je? Alibaki India, ambako vyeo vya juu vya polisi vilikuwa vya Wazungu. Miaka mingi baadaye ndipo serikali ikamtupia heshima ya Khan Bahadur na rupia 5,000. Henry mwenyewe alikuja kukiri kwa maandishi kwamba kati ya wasaidizi wake wote, Haque ndiye aliyechangia zaidi. Lakini jina lilishaganda. Haque alifariki 1935.

Sasa sikia utamu na uchungu wake. Kitu alichobuni mtawaliwa kikageuka pingu za watawaliwa. Mwaka 1906 kule Transvaal, Afrika Kusini, Wahindi wakiongozwa na Gandhi waligoma kusajiliwa kwa alama za vidole kama wahalifu. Kwa jirani zetu Kenya, kuanzia 1920, wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole, wengi wakikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha bati. Ukimtoroka tajiri wako, kidole kinakuchoma.

Na sisi wa Kariakoo tusijifanye wageni wa mambo haya. Jina la mtaa wetu limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Maelfu walikufa wakibeba mizigo. Majenerali tunawasoma vitabuni. Wapagazi wametuachia jina la soko.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Haque alichuma juani, kivulini akakaa mwingine. Kwa hiyo wewe dada unayebuni mitindo kwa cherehani ya mtu, na wewe mshikaji unayepiga mahesabu ya duka la tajiri, chapa kazi, lakini jina lako liandike mapema, bosi angali anakuhitaji. Akishapanda meli, ndugu yangu, utaambulia ahsante ya uzeeni.