Kazi ya Kwanza

Msomaji kijana, kaunti ya Kericho au Bomet itakapo kujenga darasa, haimwiti kila mwenye mwiko. Mkandarasi sharti awe ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, katika daraja mojawapo kati ya 8. Awe na cheti cha kodi. Na mara nyingi aonyeshe hati za kazi alizokwisha kufanya.

Uandikishaji naukubali: ukuta mbovu huua watoto. Hizo hati ndizo nizipingazo. Fundi aliyejengea wakulima wa chai nyumba imara hakuandikiwa hati yoyote. Ataipataje kazi ya kwanza, ikiwa mlango wake hufunguliwa kwa ya pili? Wakaguzi na waende wakazigonge kuta zake!