Vyama Vingi, Simu Moja?

Wananchi waliodai kufutwa kwa kifungu cha 2A cha Katiba, kikafutwa Desemba 1991, walijifunza upesi somo chungu: sheria yaweza kuruhusu vyama kumi, na nchi bado ikatawaliwa kana kwamba kipo kimoja. Leo twaliona jambo lilo hilo katika biashara ya simu za mkononi.

Zamani simu ilikuwa mali ya Shirika la Posta na Simu pekee. Sheria ya Mawasiliano ya 1998 iliuvunja ukiritimba huo, na mwaka 1999 shirika likagawanywa. Kufikia 2000 Safaricom na KenCell zilikuwa zikigombea wateja. Mwaka 2008 zikaja Orange na yu. Ushindani ulizaa matunda. Airtel, mrithi wa KenCell, iliposhusha ada hadi shilingi 3 kwa dakika mwaka 2010, wapinzani wake walilazimika kushusha zao, na mchuuzi wa mboga akaanza kuzungumza bila kuhesabu sekunde.

Lakini tazameni yaliyofuata. yu iliondoka 2014, wateja wake wakichukuliwa na Airtel, mitambo yake na Safaricom. Orange iliuza hisa zake za Telkom 2016. Airtel na Telkom zilitangaza 2019 kwamba zitaungana. Mwaka uliofuata mpango ukavunjika. Kufuli iliyowafungia wote hao nje ni M-Pesa, iliyoanzishwa Machi 2007.

Hatuichukii kazi njema. M-Pesa ilimfikia mjane ambaye benki haikutaka hata kumwona mlangoni. Ila tangu 2011 mteja ana haki ya kuhamia kampuni nyingine na nambari yake, na waliohama ni wachache mno. Nani atamwacha wakala wa jirani, akiba yake, mkopo wake, na chama chake cha akina mama? Ni mwaka 2018 tu ndipo iliwezekana kutuma fedha moja kwa moja kutoka Safaricom hadi Airtel. (Nasi kanisani tujiulize: mbona bango la sadaka lina nambari ya kampuni moja tu?)

Jambo zito zaidi ni la mwamuzi. Kwa miaka mingi serikali ilishika asilimia 35 ya hisa za Safaricom, ikipokea gawio na kodi, na papo hapo ikiwa na mkono katika uteuzi wa wanaoisimamia sekta nzima. Desemba 2025 ilitangaza mpango wa kuiuzia Vodacom asilimia 15, ili ibakiwe na 20. Hata mwenye 20 ana timu yake uwanjani. Tena tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoandamana dhidi ya Mswada wa Fedha, intaneti ilizorota nchini. Kampuni zikasema hitilafu ilikuwa katika nyaya za baharini. Iwe ndivyo. Mahali penye milango mingi, mwananchi huwa na pa kupitia na pa kuulizia.

Twadai basi msimamizi asiyeteuliwa na mwenye hisa, na ada moja ya kutuma fedha, mpokeaji awe wa mtandao wowote. Kila parokia na iandike madai haya kwa mbunge wake, na kumtaka ajibu kwa maandishi.