Tukabidhiwe na Pasiwadi

Vijana wenzangu, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma hapa, leo nataka tuongee kuhusu neno "kupewa". Tumepewa tabuleti, tumepewa masomo ya kwenye kompyuta, tumepewa akaunti za hiki na kile. Sawa, tunashukuru, na shukrani hiyo ni ya kweli. Lakini tukishapewa, vitu hivyo vinakuwa vya nani? Mimi naona hivi: kitu ambacho huwezi kukifungua, huwezi kukitengeneza, na mtu aliye mbali anaweza kukizima saa yoyote akitaka, hicho hujapewa. Umeazimwa tu, hata kama mlipiga picha siku ya kukabidhiwa.

Kuna kituo kimoja, jina naliacha, ambapo mradi wa elimu ulileta tabuleti za watoto. Ndani mlikuwa na masomo mazuri ya sayansi: moyo unavyosukuma damu, dunia inavyolizunguka jua. Halafu mradi ukafungwa. Mnakumbuka mwaka 2025 ulivyokuwa. Tarehe 20 Januari Rais Trump alisimamisha misaada ya nje ya Marekani, na kufika tarehe 1 Julai USAID yenyewe ilikuwa imeshafungwa. Miradi ikafa, magari yakaondoka, mabango yakabaki. Tabuleti nazo zilibaki. Ila baada ya muda zikaanza kudai pasiwadi, na pasiwadi alikuwa nayo afisa ambaye mkataba wake uliisha. Simu yake haipatikani. Sasa zimo kabatini, ukizichaji zinawaka vizuri tu, na hazimfundishi mtu. Mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, hii kitu ni yetu ao ni yao?" Swali hilo ndilo linalonifanya niandike.

Msidhani ni shida ya wakimbizi peke yao. Mwezi Julai 2009 kampuni ya Amazon iliingia kwa mbali kwenye vifaa vya kusomea vya wateja wake na kufuta nakala za "1984" na "Animal Farm" za George Orwell. Watu walikuwa wamelipia! Kampuni ilisema muuzaji hakuwa na haki ya kuviuza vitabu hivyo, ikawarudishia pesa. Mwanafunzi mmoja wa sekondari huko Marekani alikwenda mahakamani, kwa sababu maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya masomo yake hayakuwa na maana tena bila kitabu. Wazia sasa: kitabu cha karatasi, nani angeingia nyumbani kwako usiku kukichukua?

Na hapa Kampala tunazijua simu za mkopo. Unalipa kidogo kidogo kila siku kwa pesa za simu, ukikosa siku chache inajifunga. Kwa hilo silaumu sana, deni ni deni, na bila mpango huo wengi wetu tusingekuwa na simu ya maana. Lakini angalau pale mambo yako wazi: ukimaliza kulipa, simu inafunguliwa, inakuwa yako. Kwenye tabuleti za miradi hakuna siku ya mwisho. Hata ukimaliza darasa zima, ufunguo hauji.

Sasa mtaniuliza, haya yanahusu nini na somo la sayansi? Yanahusu sana. Pasiwadi ni kufuli moja tu. Kuna kufuli la pili, nalo ni kutokujua. Simu yangu inaweza kuwa yangu kabisa, risiti ninayo mfukoni, lakini kama ndani yake naona uchawi mtupu, basi bado imefungwa. Kufuli hilo la pili shule ndiyo inapaswa kutufungulia.

Hapa Ntinda tunaishi katikati ya jambo hili. Kwenye Barabara ya Kimera kuna Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, UNCST. Kwenye Martyrs Way kuna UNEB, baraza la mitihani, ambalo wakimbizi wengi tunalijua kwa sababu huko ndiko vyeti vya sekondari tulivyotoka navyo nchini kwetu vinakolinganishwa na vya Uganda. Na mitaani kuna vibanda vya mafundi simu, kila mmoja na taa yake, kikuza-macho chake na kikopo cha skrubu ndogondogo. Baraza la sayansi, baraza la mitihani na fundi, wote mtaa mmoja. Swali ni kama wanajuana.

Fizikia, kemia na biolojia ni lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya chini Uganda tangu mwaka 2006. Kwa hiyo karibu sisi sote tuliosoma hapa tuliandika V = IR kwenye daftari. Wengi hatukuwahi kushika mita ya kupimia umeme. Tulikariri, tukajibu, tukasahau. Mtaala mpya ulioanza 2020 ulikuja kubadilisha hilo: mwanafunzi afanye miradi, na kazi za muda wote wa masomo zichangie asilimia 20 ya alama, mtihani wa mwisho asilimia 80. Kundi la kwanza lilifanya UCE ya mtaala huo mwaka 2024. Wazo ni zuri. Lakini ukitembelea shule zisizo na maabara utakuta "mradi" ni sabuni ya maji na mifagio, kila muhula. Sabuni si mbaya, ila mwalimu anafanyaje mradi wa umeme bila waya wala betri?

Hebu kaa nusu saa kwenye kibanda cha fundi, uangalie anavyofanya simu ikigoma kuwaka. Kwanza anauliza: ilianguka? Iliingia maji? Halafu anapima betri. Betri ya simu ikijaa huwa karibu volti 4.2, ikishuka kufika karibu volti 3 simu inajizima. Betri ikiwa nzima, anapima kama volti 5 za chaja zinaingia. Zikiingia, basi tatizo liko ndani zaidi. Akishuku kuna shoti, anapaka spiriti juu ya bodi, anatia umeme kidogo, anatazama spiriti inakauka wapi kwanza, maana kifaa chenye shoti ndicho kinachopata joto. Hakuna uchawi. Anakisia, anapima, anafuta kisio moja, anaendelea na lingine. Hiyo ndiyo sayansi ambayo vitabu vinaieleza kwa kurasa kumi, na yeye anaifanya huku akila rolex.

Kuna jambo jingine ambalo kwetu sisi wa Kivu si dogo. Kwenye bodi za vifaa vingi vya umeme mna kapasita za tantali, elementi namba 73. Tantali inatoka kwenye koltani, na koltani nyingi inatoka kwetu. Machimbo ya Rubaya, kule Masisi, M23 waliyateka mwezi Aprili 2024. Mtoto wa Masisi anakaa darasani Kampala anakariri jedwali la elementi, na hakuna anayemwambia kwamba elementi hiyo inaweza kuwa kwenye kifaa kilicho mbele yake, na kwamba ni sehemu ya sababu ya watu wa kwao kukimbia. Ukimfundisha kemia kwa njia hiyo, hataisahau mpaka anazeeka. Atajua pia kwamba mawe yanatoka kwetu na ufunguo unabaki kwa wengine. Hapo ataanza kuuliza maswali, na maswali ndiyo tunayoyataka.

Najua wenzetu wa mashirika watasema: tukiacha tabuleti wazi, kesho ziko Owino zinauzwa, au watoto wanaangalia mambo machafu. Hofu hiyo si ya uongo, nimeona vitu vikiuzwa. Njaa haijui sayansi. Kwa hiyo sisemi kufuli litolewe. Nasema ufunguo usikae kwa mtu mmoja ambaye mkataba wake una tarehe ya mwisho. Ukae kwa mwalimu mkuu na kamati ya wakimbizi, umeandikwa kwenye karatasi ndani ya bahasha, na majina ya wanaoujua yajulikane. Benki zinafanya hivyo, makanisa yanafanya hivyo, vikundi vya akiba vya akina mama vinafanya hivyo: sanduku moja, funguo tatu, watu watatu.

Pili, chagueni masomo yasiyokufa mradi ukifa. Yapo. Kolibri, ya Learning Equality, ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Kompyuta moja ya bei ndogo inahudumia darasa. Kiwix inakuwezesha kubeba Wikipedia nzima ndani ya simu, ya Kiswahili pia. Majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado yanakuruhusu kuunganisha waya na balbu kwenye skrini, na baadhi yameshatafsiriwa kwa Kiswahili. Hizi huhitaji ruhusa ya mtu kuzinakili na kumpa jirani. Na kwetu intaneti si kitu cha kukitegemea hivyo. Mwaka 2018 tulilipishwa shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii, mwaka 2021 ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data, na Januari ya mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Somo linaloishi mbali huko linaweza kuzimika. Lililomo kwenye kadi ya kumbukumbu haliulizi bando.

Tatu, hili ni letu vijana, tusingoje bajeti. Kila nyumba ina simu iliyokufa. Tuzikusanye, tumwombe fundi mmoja saa mbili za Jumamosi, tumlipe hata kwa kuchangia, atufundishe kufungua. Lakini tuwe na adabu ya kazi: betri iliyovimba haiguswi, haichomwi na kitu chenye ncha, haitupwi motoni, maana lithiamu inawaka na moshi wake ni sumu. Betri inatoka kwanza, halafu mengine yanafuata. Wasichana wawepo tangu siku ya kwanza, wasiletwe baadaye kwa ajili ya picha. Na mwalimu wa fizikia akija, karibu sana, aje na V = IR yake tuipime kwenye mita tuone kama inasema kweli.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina ombi moja ambalo halina gharama. Mnapoandika mradi, wekeni mstari mmoja: siku ya kufunga, pasiwadi zote zitakabidhiwa kwa maandishi, na tabuleti zitafunguliwa mbele ya kamati kuhakikisha zinafunguka kweli. Mnahesabu viti, mnahesabu masanduku, mnasaini. Hesabuni na funguo. Na kama wewe uliyesoma mpaka hapa uliwahi kufanya kazi mahali na bado una pasiwadi kichwani au kwenye daftari la zamani, tafadhali tuma kwa mwalimu mkuu wa pale leo. Usingoje mtu akuulize, kwa sababu pengine namba yako hawana tena.