Mgeni Mwenye Kamera Naye Apewe Jembe

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakuwa wachoyo waliosema hivyo. Walijua kuwa asiyeshika jembe hawezi kuujua uzito wa udongo wa mwenyeji wake, na kwamba heshima ya ugeni ikipita siku zake humwelemea anayeitoa. Katika zama hizi yupo mgeni mmoja ambaye methali hii bado haijamfikia, naye ni mpiga picha msafiri. Hufika leo, hupiga kesho, na alfajiri ya siku ya tatu, jembe likiwa linatafutwa uani, yeye yumo garini. Baada ya mwaka hutoa kitabu kizito cha karatasi za kung'aa, kinachodai kuonyesha urithi na maisha ya kila siku ya watu aliokaa nao kwa muda usiotosha hata mchicha kuota.

Hoja ya makala haya ni moja, na itasemwa bila kuzungushwa: picha ya mtu, ikienda kuuzwa pasi na jina la mtu huyo, ni mali iliyochukuliwa, hata kama mwenyewe alitabasamu wakati wa kuchukuliwa. Na mji unaofaa kuipimia hoja hii ni Songea.

Msafiri afikapo Songea hukosi kumpendeza kitu. Milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma huanzia, huvaa ukungu wa asubuhi. Kanisa la abasia ya Peramiho, mahali walipofika Wabenedikto mwaka 1898, hutamaniwa na kila lenzi. Magunia ya mahindi hurundikwa sokoni, kwani Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi. Akiendelea hadi Mbinga huyakuta mashamba ya ngoro ya Wamatengo, yaliyochimbwa mashimo kwenye miteremko mfano wa sega la nyuki, ili maji ya mvua yatulie na udongo usichukuliwe. Hayo yote huyapiga. Kisha humpiga bibi aliyeketi kizingitini na ungo mapajani, mzee mwenye mkongojo, na mtoto mwenye vumbi usoni. Kitabu kitokapo, chini ya bibi huandikwa "Mwanamke wa Kingoni". Chini ya mzee, "Mzee wa kijijini". Chini ya mtoto hakuandikwi kitu, kwa kuwa mtoto wa Kiafrika kwenye vitabu vya namna hiyo hudhaniwa kuwa anajieleza.

Jina la mpiga picha, lakini, limo jaladani kwa herufi kubwa. Na sheria iko upande wake. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kama zilivyo sheria za nchi nyingi, haki ya picha huanzia kwa aliyeipiga. Bibi aliyetoa uso, ungo, kizingiti na saa nzima ya mchana wake hana fungu. Huo ndio mgawanyo ambao wapenzi wa sanaa hupewa na kuambiwa waite urithi.

Atakayesema kuwa jina ni jambo dogo, na afike Songea asome historia ya mji wenyewe. Mji huo umebeba jina la mtu. Nduna Songea Mbano alikuwa jemadari wa Wangoni waliokuwa chini ya Nkosi Mputa Gama, na wote wawili walikamatwa na Wajerumani katika Vita vya Majimaji, vilivyopiganwa tangu 1905 hadi 1907. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa mjini hapo. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja, Nkomanile. Hesabu inayokumbukwa Songea ni mashujaa 67, na kila mwaka tarehe hiyo huadhimishwa katika Makumbusho ya Majimaji. Wazee husimulia kwamba kichwa cha Nduna Songea kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Waliokufa katika vita hivyo kote kusini, wengi wao kwa njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa, hukadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Msomaji na azingatie upana wa makadirio hayo. Baina ya tarakimu ya chini na ya juu wamo watu 225,000 ambao hakuna awezaye kuapa kwamba walikufa au hawakufa. Pengo la namna hiyo ndilo libakilo pale ambapo waliokuwa na kalamu na kamera hawakuona haja ya kuandika majina. Picha za vita hivyo zipo. Zipo zinazoonyesha wafungwa wenye minyororo shingoni, nazo zimechapwa na kuchapwa tena vitabuni; mara nyingi waliomo hutajwa kama "waasi" tu.

Mwaka huohuo 1906, miezi michache tu baada ya kitanzi cha Songea, mtaalamu mmoja wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, alishuka Lindi na kuzunguka Masasi, Newala na nchi ya Wamakonde. Alikuja na kamera, mashine ya kunasa sauti na mashine ya kunasa picha zinazotembea, na mwaka 1908 kitabu chake kikatoka. Weule hakuwa mtu mjinga, na nyimbo alizozinasa zina thamani hadi leo. Lakini alipita katika nchi iliyotoka vitani karibuni akitafuta vinyago, ngoma na chale za usoni. Hata mnyapara wake, Mnyamwezi hodari wa kuimba, ameingia katika historia kwa jina la Pesa Mbili. Huyo ana bahati: angalau anatajwa, japo kwa jina la bei. Walio wengi hawakupata hata hizo pesa mbili.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na kizazi cha Nduna Songea na kuomba msamaha kwa waliyoyatenda Wajerumani. Aliahidi kusaidia kulitafuta fuvu la nduna huyo. Ahadi ni njema, ila kuitimiza ni kazi ngumu, kwa sababu makabati ya Ulaya yamejaa mafuvu ambayo waliyoyachukua waliandika yalikotoka, pengine na kabila, wakaacha jina. Fuvu lisilo jina ndani ya kabati na uso usio jina ndani ya kitabu ni watoto wa baba mmoja. Aliyechukua la kwanza alikuwa na bunduki, na anayechukua wa pili ana tabasamu na tiketi ya ndege. Tofauti hiyo ni kubwa na haifai kupuuzwa. Lakini desturi ya kuchukua pasi na kuuliza jina ni ileile, na matokeo yake kwa mjukuu atakayekuja kutafuta ni yaleyale.

Visiwani nako hakuna pa kujificha. Kadi za posta zilizotoka katika studio za Unguja mwanzoni mwa karne iliyopita ziliwauza wanawake wa mji huu kwa majina ya makabila na kazi zao, na leo kadi hizohizo huning'inizwa hotelini kama pambo. Hata hivyo Unguja ina mfano wa pili. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na watu wakaenda wenyewe wakiwa wamevaa wanachotaka kukumbukwa nacho. Mpiga picha alikuwa jirani. Akikosea, mteja alijua pa kumpata. Huko Romania, nchi ambayo wasafiri wa Kijerumani nao waliipiga picha kama bustani ya wakulima wenye nguo za mapambo, alikuwapo Costică Acsinte, mwenye studio katika mji mdogo wa Slobozia. Sahani zake za kioo zilianza kuwekwa kwenye intaneti mwaka 2013, na walimwengu wakaona harusi, misiba, askari na watoto wa mji ule kama walivyotaka kuonekana. Kitabu cha Mjerumani Kurt Hielscher juu ya Romania, cha mwaka 1933, kina mandhari nzuri kuliko hizo. Lakini anayetaka kujua Waromania walivyoishi atamfuata fundi wa Slobozia, yule aliyeshika jembe.

Wapenzi wa ushairi wanayo mizani yao ya kupimia jambo hili, tena ya zamani kuliko kamera. Mtunzi wa utenzi, kwa ada ya pwani, hujitaja mwishoni, pengine akataja na mwaka wake, ili akikosea alaumiwe na akipatia aombewe dua. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858 aliutunga kwa bintiye, na jina la binti huyo, Mwana Hashima, linajulikana hadi leo. Na vita vya kusini navyo vina utenzi wake, wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1957. Mtu anaweza kubishana na mshairi huyo kwa sababu anajulikana ni nani na alisimama wapi. Basi ada inayomtaka mtunzi ajitaje na amjue anayesemeshwa, kwa nini isimpate na mtunga picha?

Watetezi wake watasema kwamba picha huitangaza nchi, na utalii huleta fedha. Na iwe hivyo. Jina la bibi halimfukuzi mtalii. Watasema pia kwamba si kila mtu hupenda kutajwa. Ni kweli, na asiyependa aachwe, yeye na uso wake; lakini hilo hujulikana kwa kumuuliza, na kuuliza ndiko kunakokwepwa. Watasema kwamba uzuri hauhitaji maelezo. Hao wakumbushwe kuwa uzuri wa ngoma ya lizombe, kwa asiyejua inachezwa kwa nini, ni vumbi na manyoya tu. Na atakayepiga picha uwanjani timu ya Majimaji inapocheza, bila kujua kwa nini mashabiki huitwa Wanalizombe na timu ikapewa jina la vita, atarudi na picha ya watu wanaopiga kelele.

Yanayodaiwa si mengi. Kila mtu aliye peke yake katika picha aulizwe jina, na jina liandikwe kama anavyolitamka mwenyewe. Nakala ya picha irudi kwake, na nakala ya kitabu irudi Songea, ikae pale makumbusho ambapo mtoto wa shule anaweza kuishika. Wachapishaji wakatae picha isiyo na maelezo, na wahariri wa majarida, yakiwamo ya mashairi hapa visiwani yanayopenda kuweka jaladani uso wa bibi wasiyemjua, waanze na majalada yao.

Pale Songea, kwenye kaburi la pamoja la wale walionyongwa mwaka 1906, mnara unawataja kwa majina. Waliousimamisha hawakuwa na picha nzuri ya kila mmoja, na hawakuona kuwa hiyo ni sababu ya kunyamaza. Walianza na majina. Mpiga picha anayepita hapo akiwa na kamera ya thamani ya nyumba na ausome mnara huo hadi mwisho kabla hajafungua kifuniko cha lenzi. Akimaliza, jembe liko uani.